Upendeleo kazini: uongee na bosi au uende CMA, tume ya migogoro ya kazi?

Madereva wa utalii Arusha wanalijua hili: msimu wa Julai ukifika, shemeji wa bosi anapangiwa wageni wa Serengeti, wewe unaachiwa kupokea watu uwanja wa ndege wa KIA. Tipu nono zote kwake. Ufanyeje?

Kwa gharama hakuna tofauti kubwa. Kuongea ni bure, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) haitozi ada. Kinachouma ni siku za kazi unazopoteza ukifuatilia.

Uhakika ndipo penye mambo. Kwa bosi nenda na picha za ratiba za ubaoni za miezi kadhaa, siyo "mnanionea". Akiwa msikivu, wiki hiyo hiyo zamu zinapangwa upya. CMA inataka msingi wa kisheria: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia na mengineyo, lakini ushemeji mtupu ni kesi ngumu. Na muda haukusubiri: ukiachishwa kazi una siku 30 kufungua mgogoro, migogoro mingine 60.

Kwa kulinda uhusiano, mazungumzo yanashinda. Madereva na mabosi mji huu wanajuana wote. Mwenye mkataba na bosi anayesikia aanze ofisini. Anayebaguliwa kwa kabila lake, tena ameshaongea akapuuzwa, ajaze fomu ya CMA.