Kukata bima ya gari mtandaoni au kwa simu: ipi uitangulize

Direct Line ilipoanza kuuza bima ya gari kwa simu nchini Uingereza mwaka 1985, ilimwondoa wakala pamoja na kamisheni yake. Kazi ya wakala lakini haikwenda naye, sasa ni yako. Ukikosea fomu, kosa litakungoja hadi siku ya kudai fidia. Kwa hiyo hapa hatupangi kwa bei peke yake.

1. Tovuti ya kampuni yenyewe. Inamfaa mwenye gari la kawaida na madereva wasiozidi wawili. Unajaza bila haraka, na kila ulichoandika kinabaki kwenye kumbukumbu. Weka mezani kadi ya gari, leseni na tarehe za ajali zilizopita. Sehemu tatu huwaponza wengi:

- Matumizi. Ukiandika "binafsi" huku gari linabeba abiria wa kulipa, dai linaweza kukataliwa lote.
- Dereva mkuu. Usimwandike mzazi ili ada ishuke wakati anayeendesha kila siku ni kijana.
- Thamani. Mkataba ukiwa na kipengele cha uwiano, gari la thamani ya 100 lililokatiwa bima ya 60 hulipwa 60 tu kwa kila hasara ya 100.

Angalia pia kisanduku cha kuhuisha bima kiotomatiki. Mara nyingi kimeshawekwa tiki.

2. Simu kwa kampuni. Hii ndiyo bora kama gari limebadilishwa injini, au una ajali ya karibuni. Fomu mara nyingi haina pa kueleza hayo kwa urefu, mtu anakusikiliza. Omba uliyokubaliana yaandikwe na kutumwa kabla ya kulipa.

3. Tovuti za kulinganisha bei. Zitumie kama mizani, kisha ukanunue kwingine ukipenda. Bei nafuu inayotangulia kwenye orodha mara nyingi imeshushwa kwa kupandisha ekses, yaani kiasi unachochangia mwenyewe kwenye kila dai. Weka ekses sawa kote ndipo ulinganishe. Kampuni nyingine hazimo humo kabisa.

4. Dalali wa bima. Kwa magari mengi ya biashara, kamisheni yake ni halali yake.

Hati ikifika, isome sambamba na kadi ya gari, tarakimu kwa tarakimu. Namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17 haitumii I, O wala Q. Ukiona O hapo, ni sifuri iliyoandikwa vibaya. Piga simu irekebishwe kabla hujaliwasha gari.