M-Pesa: Waliosajiliwa na Wanaobaki

Nimeamua kuiandikia M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, tathmini kana kwamba imetoka jana, kwa sababu huduma tuliyoizoea mno huwa haturudi kuipima, na kwa sababu wiki chache zilizopita nilifuta simuni programu ya teksi ambayo kwa miezi minne ilinibeba kwa nusu bei. Programu hiyo sitaitaja jina. Ilinikaribisha kwa vocha za punguzo, ikanilipa kwa kila rafiki niliyemleta, nami nikaleta saba. Vocha zilipokwisha, nauli ya kutoka Majengo hadi Nyali ikawa sawa na ya teksi ya kituoni, madereva wakawa wananipigia kuuliza kwanza kama nitalipa taslimu, na siku mbili mfululizo aliyekubali safari hakutokea. Katika wale saba, watano walikuwa wameshaondoka kabla yangu. Nina hakika kwamba kwenye vitabu vya kampuni sote wanane bado tunahesabiwa.

Sasa M-Pesa. Mamangu anaishi Wundanyi, juu kwenye vilima vya Taita. Kabla ya 2007, nikitaka kumpelekea pesa kutoka Mombasa, nilizitia kwenye bahasha ya kaki, nikaifunga kwa gundi na kumkabidhi utingo wa gari la kwenda Voi, pamoja na chai yake, kisha nikakaa roho mkononi hadi jioni. Posta ilikuwapo, lakini safari na foleni zilimla mama siku nzima. Kampuni ya simu ya Safaricom walipozindua huduma yao Machi 2007, kujiandikisha kulikuwa bure, kuweka pesa kulikuwa bure, na kumtumia mteja mwenzako kulitozwa shilingi 30. Mimi sikupewa zawadi yoyote ya kujiunga. Nilitozwa tangu siku ya kwanza, na nikalipa kwa moyo mkunjufu, maana shilingi 30 ilikuwa ndogo kuliko chai ya utingo.

Namna huduma hii ilivyopatikana inaeleza mengi kuhusu kudumu kwake. Majaribio yake, yaliyoanza mwaka 2005 kwa kushirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, yalikusudiwa kuwarahisishia wakopaji kupokea mikopo na kulipa marejesho kwa simu. Wakopaji wenyewe wakaigeuza. Kuna waliolipia wenzao marejesho na kufidiwa kwa njia nyingine, kuna waliofunga biashara jioni wakaweka mauzo simuni ili wasilale nayo nyumbani, na kuna walioweka pesa kwa wakala mahali walipoanzia safari wakazitoa walikofika, ili wasipande gari na kitita mfukoni. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza, waliousimamia mradi huo, wangeweza kuwarudisha watu kwenye lengo la awali. Badala yake shughuli za mikopo ziliwekwa kando, na kilichopelekwa sokoni ni kile ambacho watu walikuwa wamekwisha kukifanya bila kuelekezwa: kutuma pesa nyumbani.

Ukitaka kuiona thamani yake kwa macho, usiangalie simu, kaa mbele ya dirisha la wakala. Katika miaka ile ya mwanzo daftari lenye mistari lilikuwa juu ya meza, kalamu imefungwa kwa uzi ili isiondoke na mteja. Wakala aliandika tarehe, jina, nambari ya kitambulisho na kiasi, kisha akaligeuza daftari upande wako utie sahihi. Mamangu, ambaye haamini kitu asichokishika, hakuondoka dirishani mpaka simu mbili zilie, yake na ya wakala, na mpaka noti zihesabiwe mara mbili, mara ya pili na yeye mwenyewe. Haya yote yaliwezekana kwa simu ya kawaida kabisa, bila intaneti, kupitia menyu iliyomo ndani ya kadi ya SIM. Wakala naye alipata kamisheni kwa kila shughuli, kwa hiyo alikuwa na sababu ya kufungua duka hata siku ya mvua. Nilipoifikiria ile programu ya teksi, niliona kwamba fedha zake zilimwendea mteja mgeni huku dereva, ambaye ndiye huduma yenyewe, akibaki na manung'uniko.

Anayedhani kwamba siri ni jina au matangazo na aitazame Afrika Kusini. Vodacom waliipeleka M-Pesa huko mwaka 2010 wakishirikiana na benki ya Nedbank, wakilenga wateja milioni 10 ndani ya miaka mitatu. Waliizindua upya mwaka 2014, na mwaka 2016 wakaifunga. Waliosajiliwa walikuwa wamefikia takriban milioni moja, lakini waliokuwa wakiitumia kwa kweli kufikia mwaka 2015 walikuwa kama 76,000 tu. Huduma haikuwa mbovu. Ilikuwa ni ile ile iliyotuokoa sisi na bahasha za kaki. Tofauti ni kwamba Mwafrika Kusini wa kawaida tayari alikuwa na akaunti ya benki na mashine ya kutolea pesa karibu naye, na aliweza kumtumia nduguye pesa kupitia kaunta ya duka kubwa. Alijiandikisha, akatazama, akarudi kwenye njia yake ya zamani. Sioni kosa lake hapo.

Kwetu ilikuwa kinyume. Mapema mwaka 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, barabara zilifungwa na benki nyingi hazikufikika, na watu wakawatumia jamaa waliokwama pesa na muda wa maongezi kwa simu. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kushawishiwa. Watafiti Tavneet Suri na William Jack, katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2016, walikadiria kwamba kupatikana kwa M-Pesa kulizitoa kaya 194,000 za Kenya kwenye umaskini. Hicho ndicho kipimo ningependa kukiona katika ripoti za kampuni, badala ya idadi ya waliopakua.

Siisifu yote. Fuliza, huduma ya mkopo ndani ya M-Pesa iliyoanzishwa Januari 2019, humwezesha mteja kukamilisha malipo hata salio lisipotosha, na deni hukatwa lenyewe pesa zinapoingia. Kwa mwenye dharura ni msaada mkubwa. Lakini nina rafiki ambaye mshahara wake huingia na kupungua kabla hajausoma ujumbe, naye huitumia kila wiki bila kukosa. Katika hesabu ya matumizi, huyo ni mteja mwaminifu kuliko mimi. Kama amepata thamani, sijui aionyeshe wapi, na ningeshauri mtu aifungue huduma hiyo siku anayoihitaji tu, kisha ajiondoe.

Ada za kutoa pesa nazo ni nzito kwa mtu wa viwango vidogo, kwani anayetoa shilingi mia mbili hukatwa sehemu isiyo ndogo ya mia mbili hizo. Mamangu amelipatia jambo hili dawa bila kumuuliza mtu. Siku hizi haendi kwa wakala ila akitaka sadaka ya Jumapili. Unga, sukari na mafuta ya taa hulipia dukani kwa nambari ya Lipa na M-Pesa, ambapo mnunuzi hatozwi, na mwenye duka amekwisha kuzoea kwamba bibi huyu hatatoka mlangoni kabla simu mbili hazijalia.