TAHADHARI: Muuza "kibana mafuta" cha pikapu yuko huku kusini, msimpe hela

Yule kijana wa kizibao cha kung'aa anayezunguka na visanduku vya kubana dizeli ni tapeli. Simsingizii, na mbele ya mtu yeyote nitalisema. Kanila shilingi 180,000 asubuhi kweupe, uani kwangu, huku ananiita mama na anakunywa chai yangu. Nasikia ameshapita Mingoyo anaelekea Masasi, na sasa hivi hela za korosho ndiyo zinaanza kuingia kwa watu. Aibu yangu nimeshaimeza. Mnaotaka kucheka chekeni, lakini someni mpaka chini.

Wanaoijua Hilux yangu wanajua kazi yake: Feri hapa Mtwara mpaka Newala, samaki na barafu kwenda, kurudi Mungu anajua. Na tangu yale ya mwaka jana wanajua kwa nini kila lita naihesabu. Sirudii hayo. Itoshe kusema ile Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wa serikali wanaosimamia nishati, wanapotangaza bei ya mafuta, mimi tumbo huanza kuniuma kabla sijasoma.

Alinikuta sheli. Dereva wangu anajaziwa, mimi nimekaa mbele nahangaika na simu, yeye akaja upande wangu, si upande wa dereva. Akanipa shikamoo kwa kuinama. Akasema, "Mama, injini hii ni 2KD, siyo? Lita mbili na nusu." Boneti imefungwa! Leo naambiwa mjuzi yeyote wa magari anaotea hiyo kwa umbo la gari na mwaka wake, lakini mimi pale nikasema huyu kazi anaijua. Kisha akaniuliza, "Ukitoka hapa na mzigo, mpaka Newala unaweka ya shilingi ngapi?" Nikamtajia. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeshika picha mbaya.

Sasa nyie wanaume mnaoniuliza "mama ulikuwa wapi", hebu niwaeleze jambo. Gari ni yangu, kadi ina jina langu, lakini kila nikienda gereji fundi anaongea na dereva. Mimi naangaliwa wakati wa kulipa tu. Huyu alikuwa wa kwanza kuchukua kalamu, akageuza karatasi ya barafu, akanichorea. Hii pedali, hii hewa inaingia, hili joto la injini, vyote vinapeleka habari kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua nozo zimwage dizeli kiasi gani. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba hayo yote ni kweli. Nimeuliza baadaye, ni kweli tupu. Uongo aliupachika mwishoni: kwamba kompyuta za kiwandani zimepangwa kwa nchi za baridi, zinamwaga mafuta mengi, na yeye ana kisanduku kinachoisemesha kompyuta ipunguze.

Akasema hataki hela yangu siku hiyo. Anataka nione kwanza. "Kesho asubuhi nakuja nyumbani. Ila mama, gari isiwashwe mpaka nifike, kompyuta iwe imepumzika." Hayo maneno yashikeni.

Alikuja kwa bodaboda mapema kabisa, na begi jeusi. Alipofungua mlango wa gari akavua viatu. Nani anavua viatu kuingia kwenye pikapu ya samaki? Nikamwangalia nikasema moyoni, huyu kalelewa. Akainama chini ya usukani, kwenye ile soketi ambayo mafundi huchomeka mashine ya kupimia, akachomeka waya wa njia mbili. Njia moja akaweka kipimo kinachoongea na simu yake, nyingine akaiacha wazi. Akamwambia dereva awashe, na kiyoyozi kiwekwe mwisho, "tuone hali mbaya kwanza." Simu ikaonyesha mshale na namba: 1.4, lita kwa saa, gari imesimama. Akaniita nisome mwenyewe. Akamwita na jirani asome. Mjomba akatoka na kanzu yake ya kulalia, naye akasoma.

Ndipo akatoa kisanduku. Kidogo, kinaenea kiganjani, kina stika ya dhahabu. Akakichomeka ile njia iliyobaki, taa zikaanza kumeta, nyekundu, kijani, nyekundu, kijani. "Kinajitambulisha," akasema. Akamwambia dereva azime kiyoyozi ili kisichanganye mawasiliano. Kisha akakaa kwenye mkeka. Nikamletea chai na vitumbua, tukaongea habari za bei ya pweza, za wanangu, akaniambia mama yake naye alikuwa mchuuzi wa samaki Kilwa. Injini inanguruma taratibu muda wote huo. Mara akainuka, "Mama njoo."

Namba ilikuwa 0.8.

Wallahi nilipiga kigelegele, na jirani naye akapiga. Mjomba akasema hii ndiyo elimu. Kutoka 1.4 hadi 0.8, kwa macho yangu, kwenye gari yangu, hakuna aliyekanyaga pedali. Mniambie nani kati yenu angesema huu ni uongo.

Bei ilianza 250,000. Nikaishusha mpaka 180,000, na akaniongezea sumaku mbili za kufunga kwenye mpira wa dizeli, bure, "kwa heshima ya chai." Nikatuma kwa simu. Jina lililotokea la mwanamke. Nikamuuliza, akacheka, "Huyo mkweo, mama, ndiye mhasibu wangu." Hata hilo likanifurahisha, kijana anayempa mkewe hela ashike! Akaniandikia risiti kwa mkono, akagonga muhuri, akaandika waranti mwaka mmoja, na kwamba isipopungua asilimia 30 anarudisha hela yote.

Kabla hajapanda bodaboda akasema mambo mawili. La kwanza, kompyuta itamaliza kujifunza ikifika kilomita 200, kwa hiyo nisiwe na haraka. La pili alilisema kwa kunong'ona, kando, dereva asisikie: "Ikipita hapo usipoona tofauti, mama, muangalie mtu wako. Madereva hawapendi hivi vifaa, vinawaziba mirija."

Hapo ndipo aliponimaliza. Maana kilomita zikafika, zikapita, mafuta yakabaki yale yale, na mimi badala ya kumshuku yeye nikaanza kumtazama mtoto wa watu niliyefanya naye kazi miaka yote. Yaliyotokea nyumbani siyasemi, mimi na dereva wangu tumeshayamaliza mbele ya mjomba. Lakini mtu anayeuza uongo halafu anapanda na fitina ili uongo wake upate muda wa kukimbia, huyo adhabu yake isiwe ya faini. Aende gereza la Lilungu akakae. Akitoka arudishwe.

Simu yake ilikuwa inaita, baadaye haipokelewi, baadaye haipatikani.

Aliyefumbua macho yetu ni mpwa wangu aliyesomea ufundi wa magari chuo cha VETA. Alikikuta kile kisanduku kinameta usiku gari imezimwa, akauliza hiki kinakula betri kwa kazi gani. Akakifungua kwa kisu cha jikoni. Ndani kuna taa tatu, kitufe, na kidude kimoja cha kuziwasha na kuzizima. Basi. Akanionyesha zile pini, ziko 16 kwenye soketi. Pini ya 16 ni umeme wa betri, ya 4 na ya 5 ni hasi. Kompyuta inaongea na mashine kupitia pini ya 6 na ya 14, au ya 7 kwa magari ya zamani kidogo. Kisanduku changu kilikuwa na waya kwenye umeme peke yake. Zile pini za kuongelea zimekaa pale kama mapambo, hazijaungwa na chochote. Hakisomi kitu wala hakisemi kitu.

Nikamwambia, na ile namba je? Niliiona mimi! Akaniambia gari ilale, asubuhi asiiguse mtu. Asubuhi akaazima kipimo kwa fundi, akawasha injini ikiwa baridi, kiyoyozi mwisho, bila kisanduku, bila sumaku. Ikasoma 1.4. Akazima kiyoyozi, tukakaa, hata chai sikuweza kunywa. Injini ilipopata joto lake akaniita. 0.8.

Ile ile.

Injini ya baridi inapewa mafuta zaidi mpaka ipate moto, na kiyoyozi nacho ni mzigo kwenye injini. Ukizima kimoja na kungoja kingine, namba inashuka yenyewe hata ukichomeka kijiko. Ndiyo maana hakutaka gari iwashwe kabla hajafika! Nilipotoka sheli siku ile injini ilikuwa ya moto, angejaribu pale pale angeumbuka. Kijana alikuwa anajua anachofanya kila hatua, mpaka kile kitumbua cha tatu alikuwa anavuta muda.

Na sumaku? Dizeli haina chuma, sumaku itaishika nini. Mpwa wangu anasema Marekani kuna shirika lao la mazingira, EPA, limepima vifaa vya namna hii zaidi ya 100, na vilivyoonyesha nafuu yoyote ni vichache mno, tena nafuu yenyewe kiduchu. Ingekuwa kibati cha taa tatu kinapunguza asilimia 30, Toyota wangekifunga kiwandani, maana wanapigania hata tone.

Kilichokuwa kinakula mafuta kweli tumekikuta, na hakikuhitaji maajabu. Kichujio cha hewa kilikuwa kimejaa lile vumbi jekundu la baada ya Mnivata, kimeziba. Breki ya nyuma kushoto ilikuwa inashika, ukigusa ringi baada ya safari inaunguza. Tairi za nyuma upepo chini, na kwa mzigo wa barafu hiyo ni hasara juu ya hasara. Jumla ya gharama haikufika hata nusu ya nilichompa yule mwizi. Na dereva nimemwambia apunguze mwendo kwenye lami, ameanza kusikia.

Sasa kumtambua. Mrefu wa wastani, kizibao cha manjano cha kung'aa, ndani fulana ya kijani, meno ya mbele yana mwanya. Anaongea vizuri mno. Anapenda wenye Hilux na pikapu za mizigo, na anapenda mwenye gari awe mwanamke au mzee. Atakwambia gari isiwashwe mpaka afike. Atakataa kupima barabarani kwa kujaza tenki, kwenda na kurudi njia moja na mzigo mmoja, kisha kujaza tena. Mimi sikumuomba hilo, ila jirani yangu wa Naliendele alimuomba, kijana akaaga palepale. Hana risiti ya mashine. Jina la kwenye simu si lake. Kuna mengine nitayakumbuka, kichwa bado kina moto.

Na wale wawili waliokuwa wamesimama pale sheli wakisema "mimi yangu imepungua sana, kaka," nao nawakumbuka sura. Wenzake hao. Mungu awaonyeshe. Mtu anakaa kituo cha mafuta anashuhudia uongo kwa ujira wa soda, na huku nyumbani kwangu watu karibu wavunjike! Wakamatwe wote watatu, na yule mkwe mhasibu wa nne.

Kituo cha polisi nimeshafika, RB, ile namba ya kesi, ninayo, kesi ni ya kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Namba aliyopokelea hela nimeiripoti 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Wameniambia wakitokea na wengine inakuwa na uzito zaidi, na najua wapo, kuna kaka mmoja wa Mtama kanipigia jana akaniomba nisimtaje. Sikutaji, lakini njoo tuandikishe. Kisanduku chako usikitupe, usikifungue, na ile risiti ya mkono yenye muhuri uje nayo. Mliopo Ndanda na Masasi, mkimwona mwacheni apige porojo zake, mpeni hata vitumbua, mmoja wenu apige simu polisi, mwingine anipigie mimi. Pikapu ina mafuta.