TAHADHARI: Maboksi ya TV ya "GB 128" na chaneli za bure maisha, hapa katikati ya jiji

Wakazi wa Nairobi, kama unapanga kununua boksi la Android la kuunganisha na TV, soma hii kabla hujatoa pesa.

Jirani yangu ameuziwa moja kwenye kibanda ndani ya jengo la maduka madogo karibu na Luthuli Avenue. Kartoni inasema RAM GB 8, hifadhi GB 128, na muuzaji akamwapia kwamba mechi zote ni bure maisha. Akamtumisha pesa kwa namba ya simu ya mtu, si Till (namba ya malipo ya duka), na risiti haina hata jina la duka. Haukupita muda chaneli zikazima. Kurudi, anaambiwa alipie "seva" upya, na mali ikishauzwa hairudi. Mama wa watu analea wajukuu kwa kuuza mboga!

Nililikagua mwenyewe. Mipangilio inaonyesha 128, lakini nilipoanza kunakili filamu kutoka kwa flashi, likajaa kabla ya GB 8. Wamechezea programu ili itaje namba za uongo. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza udanganyifu wa aina hii.

Kinachonitia hofu zaidi ni virusi vinavyokuja ndani ya baadhi ya maboksi haya ya bei rahisi. Januari 2023, Daniel Milisic, mtaalamu wa usalama wa kompyuta wa Kanada, alieleza alivyovikuta kwenye boksi la modeli ya T95 alilolinunua likiwa jipya. Septemba 2024, kampuni ya kupambana na virusi ya Doctor Web ikatangaza virusi vya Vo1d, vilivyokuwa vimeingia karibu maboksi milioni 1.3 katika nchi 197. Juni 2025 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ikaonya kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vilivyoingiwa na virusi, na mwezi uliofuata Google ikawashtaki waendeshaji wake, ikisema vifaa vilivyoathirika vimepita milioni 10. Virusi hivi hubofya matangazo kisirisiri na kuwapitisha wahalifu kwenye wifi yako. Mtu akiiba mtandaoni, anwani inayoonekana ni ya nyumba yako. Kulirudisha boksi kwenye hali ya kiwandani mara nyingi hakusaidii, kwa sababu virusi vimekaa kwenye mfumo wenyewe.

Kwa hiyo, liwashwe mbele yako dukani. Lenye idhini ya Google hufungua sura ya Google TV au Android TV. Mengi ya haya bandia hukuletea Play Store ya simu, au hukuambia uzime Play Protect (kinga ya Google dhidi ya programu hatari) ndipo programu za mpira ziingie. Likisema hivyo, liache hapo hapo. Beba flashi yenye filamu kubwa ulijaze. Lipa kwa Till yenye jina la duka, udai risiti inayotaja modeli.

Kama tayari unalo na unalishuku, litoe kwenye wifi leo, kisha utumie simu kuliondoa kwenye akaunti yako ya Google na kubadilisha nenosiri. Usimpe jamaa wala usiliuze.