Kliniki ya tezi dume Dodoma: vipimo safi, ila suala la manii wanalimung'unya

Ni kliniki ya binafsi hapa jijini; jina tunaliacha kwa kuwa lawama zipo. Wagonjwa wake wengi ni wazee wanaotoka Kondoa, Mpwapwa na Manyoni.

Hapangiwi mtu upasuaji wa tezi iliyovimba kabla ya kujibu maswali saba ya dalili za mkojo, kila moja alama 0 hadi 5. Jumla ya 8 hadi 19 ni dalili za wastani, 20 kwenda juu ni kali. Kwenye ultrasaundi wako makini: mgonjwa akojoe kwanza, ndipo wapime mkojo uliobaki kibofuni. Kwingine hupima mtu kabla hajaenda chooni, na namba hiyo haina maana yoyote.

Ukubwa wa tezi huandikwa kwenye kadi kwa mililita, maana ndio unaoelekeza njia. Ya 30 hadi 80 hukwanguliwa kwa kupitia njia ya mkojo, bila kupasua tumbo, na mpira wa kutolea mkojo hukaa siku mbili tatu. Ikizidi 80, na leza haipo, ni upasuaji wa wazi: mshono tumboni, damu nyingi zaidi, mpira takriban wiki. Mzee mwenye tezi ya 120 anayeng'ang'ania "ile isiyo na kisu" huelezwa sababu. Tezi kubwa huchukua muda, na ukikwangua zaidi ya saa moja, hasa kwa mashine ya zamani inayotumia maji ya glaisini, maji huingia kwenye damu, chumvi ya damu hushuka, na mgonjwa huanza kuweweseka mezani.

Doa ni manii. Wanasema "ndoa haina shida", basi. Ukweli ni kwamba nguvu kwa kawaida hubaki na raha hubaki, lakini kwa wanaume wengi manii hurudi kibofuni badala ya kutoka, iwe umekwanguliwa au umepasuliwa. Mwanaume wa miaka 50 anayetaka mtoto mwingine anapaswa kulisikia hili kabla ya kusaini fomu, mkewe akiwepo.

Karatasi ya kuruhusiwa nayo ni fupi mno. Haitaji kwamba siku ya 10 hadi 14 kidonda huambua gamba na damu inaweza kurudi, wakati huo mtu yuko kijijini. Kunywa maji mengi husaidia; ila yakitoka mabonge ya damu au mkojo ukiziba, ni hospitali siku hiyohiyo. Kubeba gunia na kupanda bodaboda, usubiri wiki nne hadi sita.

Ukienda, beba dawa zako zote. Aspirini na wafarini, zinazozuia damu kuganda, zitaje hata usipoulizwa.