Bafu langu la paneli, bafu la mama la marumaru

Mama yangu haogi kwa bomba la mvua. Anaoga kwa ndoo na kopo, kakaa kwenye kigoda cha plastiki, na akimaliza ukuta wote umelowa mpaka usawa wa dirisha. Mimi naoga kwa bomba, dakika tano, maji yanapiga kona moja tu. Nyumba ni hiyo hiyo moja, iko Chuno hapa Mtwara mjini. Mabafu ni mawili na vipimo vinalingana: mita 2.1 kwa 1.5, kimo mita 2.4. Langu nililivalisha paneli za PVC, zile mbao za plastiki zenye uwazi ndani, mwaka 2022. La mama tuliliweka marumaru mwaka 2024, au tailizi kama wanavyosema mafundi wetu. Tangu hapo kila anayetaka kukarabati bafu mtaani ananipitia kuuliza, na mimi kila mara naanza kwa kumuuliza ukuta wake ukoje.

Wa kwetu ni mgonjwa. Marehemu baba aliijenga nyumba hii miaka ya tisini, kidogo kidogo, kozi chache kila akiuza korosho, na sehemu ya mchanga ilitoka pwani. Chumvi ya mchanga ule haijaisha mpaka leo. Inavuta unyevu, maji yanasogea mpaka usoni pa ukuta, yakikauka yanaacha unga mweupe, na lipu inamomonyoka ukiigusa kwa kidole. Tumepaka rangi ya mafuta mara tatu. Mara zote tatu ilivimba malengelenge, ikabanduka kama maganda ya kitunguu.

Kwa hiyo 2022 nilipoziona paneli dukani, nyeupe zenye mishipa ya kijivu kama jiwe la thamani, nilijiona nimepata mwarobaini. Fundi naye alinimaliza kwa sentensi moja: "Dada, hapa huvunji kitu. Leo nafunga, kesho unaoga." Kweli alifunga kwa siku moja na nusu. Alipigilia papi za mbao ukutani, akachomeka paneli moja ndani ya nyingine, kila moja upana wa sentimita 25, akamalizia kona kwa vipande vyake na silikoni. Ukizunguka kuta zote ni mita 7.2, kwa hiyo zilitakiwa 29, nikanunua 30. Paneli 420,000, papi na silikoni na misumari 70,000, ufundi 120,000. Jumla 610,000. Hakuna vumbi, hakuna kifusi, watoto hawakukosa kuoga hata siku moja. Wageni walikuwa wanachungulia bafuni kwangu kama wanaenda kuangalia sebule.

Nitazisifu kwa haki. Uso wa paneli haunywi maji. Unapitisha kitambaa chenye sabuni, basi. Maji yetu ya kisima yanaacha chokaa kwenye kila kitu, lakini kwenye paneli chokaa kinatoka bila kusugua sana, na hakuna mistari ya grauti, ule ujiuji wa kuziba mianya kati ya marumaru, ya kuhangaika nayo. Hadi leo rangi yake haijabadilika.

Shida ilikuwa nyuma.

Baada ya kama mwaka na miezi miwili nikaanza kusikia harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Nikasafisha shimo la maji, nikamwaga dawa, harufu ipo. Halafu mende. Usiku ukiwasha taa unawaona wanaingia kwenye ufa mdogo chini ya paneli, pale silikoni ilipoachia. Nikamwita mjomba, akabandua paneli mbili za kona ya bomba. Ukuta ulikuwa mweusi kwa ukungu. Papi za chini zilikuwa zimeoza, na ile iliyogusa sakafu mchwa walikuwa wameshaigeuza udongo. Mjomba aliivunja kwa vidole viwili, akanionyesha bila kusema neno. Ndiyo kawaida yake anapotaka ujisikie vibaya.

Sasa hapo kosa la nani? Paneli zenyewe hazikuwa na hata doa. Kosa ni langu na la fundi: tuliuficha ukuta unaotoa maji, tukauzibia hewa juu na chini, tukauwekea na mbao. Nyumba ya pwani, unyevu wa mwaka mzima, mchwa wa huku unawajua. Kama ningeanza upya ningetumia fremu za alumini au za plastiki badala ya papi, na ningemwambia fundi aache nafasi ya hewa juu karibu na dari. Na bado ukuta ungetakiwa kutibiwa kwanza. Paneli inaondoa aibu ya ukuta mbovu machoni pa wageni, lakini ukuta unaendelea na mambo yake.

Kisa kingine kidogo. Msichana anayetusaidia alibeba sufuria ya maji ya kuoga mtoto, imetoka jikoni inatokota, akaiweka sakafuni imeegemea paneli. Alipoinua, paneli ilikuwa imebonyea kama shavu la kibogoyo. Plastiki hii hulainika joto likifika karibu nyuzi 80, na sufuria iliyotoka motoni inapita hapo. Kwa familia inayochemsha maji kwenye mkaa, lifikirie hilo kabla hujalipa.

Bafu la mama ndilo lililonifanya nikae chini nipige hesabu. Mwaka 2024 magoti yalianza kumsumbua, daktari akashauri tumwekee vyuma vya kushikia karibu na choo na karibu na kigoda. Fundi wa paneli akasema inawezekana. Nikamuuliza chuma kitashika wapi. Paneli ndani ina uwazi, ukifunga skrubu humo umefunga hewani, labda utumie skrubu ndefu zipite mpaka kwenye tofali, na hapo katikati paneli inabonyea kila mtu akivuta. Mama ana kilo zake. Sikutaka majaribio. Kwenye marumaru unatoboa taratibu kwa keekee ya vigae bila kugonga, unaingiza plagi ya skrubu kwenye tofali, chuma kinakaa. Pia sakafu ilikuwa inateleza, na paneli za ukuta hazitandikwi chini. Fundi marumaru angekuja tu kwa ajili ya sakafu. Akishakuja na mwiko wake, kwa nini asipande na ukuta?

Kazi yake haikuwa ya siku moja na nusu. Ilikula wiki sita, na mama alikuwa akioga kwangu, akilalamika kwamba bafu langu linanuka. Walibandua lipu yote ya zamani mpaka tofali, wakasugua kwa brashi ya waya, kisha tukauacha ukuta ukauke. Fundi mzee, mtu wa Newala, aligoma kabisa kuanza mapema. Kila asubuhi anapita, anagusa ukuta kwa mgongo wa mkono, anamwambia mama, "Shikamoo bibi, bado," anaondoka. Lipu mpya ilipigwa kwa mchanga wa mtoni. Saruji haitusumbui, kiwanda cha Dangote tunacho hapa hapa mkoani. Lipu ilipokauka akapaka dawa ya kuzuia maji mikono miwili, kwanza sehemu ya chini yote na kona zote.

Hesabu ya marumaru ilikuwa hivi. Ukuta, ukitoa mlango na dirisha, ni mita za mraba 15.5. Nilichagua za sentimita 30 kwa 60, boksi lina vipande vinane, yaani mita za mraba 1.44. Boksi 11 zinafika kwa kubana, ukiweka za kukatwa na za kuvunjika ni 12. Dukani zilikuwepo 10. Muuzaji akaniambia zingine ziko njiani kutoka Dar. Hiyo ilikuwa mwisho wa Aprili. Mwanzoni mwa Mei mvua za kimbunga Hidaya zikakata barabara kule Somanga, na Kusini yote ikakaa inasubiri. Boksi mbili zilipofika, jina ni lile lile, namba ni ile ile, rangi imepishana. Si sana, lakini ukiziweka pamoja zinajionyesha. Kumbe kwenye boksi kuna namba nyingine ya toleo, hiyo ndiyo unatakiwa uilinganishe. Tumezipanga nyuma ya mlango. Mama hajaona mpaka leo, na nyie msimwambie.

Kitu nilichosimamia mwenyewe ni gundi. Miaka ya nyuma fundi mwingine alitubandikia marumaru jikoni kwa kuweka madonge matano ya saruji nyuma ya kila kipande, kama anaweka maandazi kwenye sinia. Zilishika miaka mitatu, kisha zikaanza kudondoka moja moja usiku, unashtuka unadhani mwizi. Safari hii mzee wa Newala alipaka gundi ukuta mzima kwa mwiko wa meno, akabandika, akagonga kila kipande kwa kidole akisikiliza. Kilicholia kama ngoma kilitoka. Grauti nilichagua ya kijivu, maana nyeupe na maji yetu ya kisima ni kazi ya kusugua kila Jumamosi.

Gharama: marumaru za ukuta 384,000, za sakafu zenye uso wa kukwaruza 105,000, gundi 110,000, saruji mifuko sita 102,000, kuvunja na kupiga lipu 150,000, fundi marumaru, aliyelipwa kwa mita, jumla 168,000, grauti na dawa 41,000. Inakuja 1,060,000. Inauma ukiilinganisha na 610,000, ila humo kuna sakafu na ukuta mpya, na kwangu mimi sasa natakiwa nilipe tena. Ushauri mdogo: usianze kati ya Oktoba na Desemba. Hela ya korosho ikishaingia, kila mtu anajenga, na fundi mzuri humpati hata kwa kumwekea chambo.

Dari ya mama ndiyo tuliyoifunga paneli. Jipsam ilikuwa imelowa na kushuka tumbo, tukaitoa. Paneli ni nyepesi, hazinywi mvuke, na kule juu hakuna sufuria wala mchwa wa sakafuni. Hapo sina ninalolijutia. Na kama umepanga nyumba, au ukuta wako ni mkavu na unataka tu upendeze, chukua paneli bila wasiwasi. Shangazi yangu anaishi Mikindani kwenye nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na chokaa, yeye fundi alimkatalia yote mawili. Alisema ukuta ule unapumua, ukiuzibia kwa saruji au plastiki unyevu utatafuta njia upande wa chumbani. Akampiga lipu ya chokaa tu, anaipaka upya kila mwaka, na bafu lake halinuki.

Langu nitalivunja baada ya mvua za mwaka huu. Zile paneli nzima bado ni nzuri, na mjomba ameshaziomba mara mbili kwa ajili ya dari ya genge lake. Nimemwambia aje azibandue mwenyewe, papi aniachie nikachomee takataka.