Uzoefu Wangu na Shahada ya Uuguzi ya Wikendi Jijini Kisumu

Kwa muuguzi mwenye stashahada anayejiuliza kama inafaa kulipia shahada akiwa bado kazini, jibu langu ni kwamba inafaa iwapo anatafuta sababu za mambo anayoyafanya tayari, na haifai iwapo anatarajia kufundishwa kazi mpya za mikono. Nimehitimu programu hiyo katika chuo kikuu kimoja cha Kisumu, ambacho sitakitaja kwa kuwa nina malalamiko kadhaa juu yake, na muda wote wa masomo nilikuwa mwajiriwa wa hospitali ya kaunti ndogo huko Vihiga. Ninayoyaeleza hapa ni ya wale wanaojiendeleza. Kijana anayeingia moja kwa moja kutoka shule ya upili husoma kwa miaka 4, na mahitaji yake ni tofauti na yetu.

Somo lililonirudishia thamani ya karo yangu ni famakolojia, yaani elimu ya jinsi dawa zinavyofanya kazi mwilini. Kila mkunga nchini anajua kwamba mama aliyepatwa na kifafa cha mimba, yaani degedege linalotokana na shinikizo la damu la ujauzito, hudungwa magnesiamu salfeti, gramu 4 polepole kwenye mshipa na gramu 10 kwenye misuli ya makalio, yaani 5 kila upande, kisha gramu 5 kila baada ya saa 4. Anajua pia kwamba kabla ya kila dozi inayofuata ni lazima ahakikishe goti linaitikia linapogongwa, pumzi hazipungui 16 kwa dakika, na mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Stashahada ilinipa kanuni hizo, nami nilizifuata kwa miaka bila kuulizwa chochote. Mhadhiri wetu, ambaye ni mfamasia aliyewahi kufanya kazi wadini, alitulazimisha kueleza kila nambari ilikotoka. Dawa hii hutolewa mwilini na figo, na figo za mama mwenye shinikizo kali la damu la mimba ndizo hasa zinazoweza kulegea. Zikilegea, dawa hurundikana katika damu, na kadiri inavyorundikana ndivyo itikio la goti linavyopotea kwanza, kisha upumuaji unadhoofika, na hatimaye moyo unaweza kusimama. Ndiyo maana goti hupimwa hata kama mgonjwa anaonekana kupumua vizuri, na ndiyo maana kalisiamu glukoneti, dawa ya kuzima sumu ya magnesiamu, huwekwa karibu na kitanda, kwa kuwa kalisiamu hushindana na magnesiamu pale neva inapokutana na msuli.

Huenda msomaji aliye daktari akaona haya ni mambo ya kawaida. Kwa muuguzi anayebaki peke yake na zamu ya usiku, hata hivyo, kuna tofauti kubwa kati ya kuahirisha dozi kwa sababu bango la ukutani linasema hivyo na kuiahirisha kwa sababu anajua dawa imekwama wapi. Tofauti hiyo huonekana hasa pale ndugu wa mgonjwa, au hata mwenzake wa zamu, anapomwuliza kwa nini sindano ya saa nane haijadungwa.

Somo la pili katika orodha yangu ni lile la kusoma na kupima ushahidi wa kitaalamu, ambalo wengi wetu tulilidharau mwanzoni. Tuligawiwa mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa uchungu wa kuzaa, yale yanayosema kwamba hatua hai ya uchungu, yaani kipindi ambacho mlango wa kizazi hufunguka kwa kasi, ihesabiwe kuanzia mlango wa kizazi unapofunguka sentimita 5, na kwamba mwendo wa sentimita 1 kwa saa hauwezi kutumiwa kama kipimo cha kila mama. Sisi sote tulikuwa tumelelewa na patografu, chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu, inayoanzia sentimita 4, yenye mstari wake wa tahadhari, na baadhi yetu tulikuwa tumewapeleka akina mama rufaa kwa sababu ya mstari huo peke yake. Mjadala ulipamba moto darasani. Wapo waliohoji kama kungoja zaidi ni salama katika kituo ambacho ambulensi yake hutegemea kuwapo kwa mafuta, na mhadhiri hakuwanyamazisha. Aliwataka waonyeshe ni sehemu gani ya ushahidi inayogusa vituo vya namna hiyo. Kwa maoni yangu, hilo lilikuwa darasa bora zaidi katika programu nzima.

Siwezi kulisifu somo la takwimu kwa kiwango hicho. Lilifundishwa kwa njia ya mtandao nyakati za jioni, mwalimu akisoma slaidi zake kwa kasi, huku nusu ya darasa ikiwa zamuni na simu mfukoni. Tuliingia katika mradi wa utafiti tukiwa tunajua majina ya vipimo bila kujua ni kipi kinafaa wapi, na wengi waliishia kumlipa mtu wa pembeni awafanyie uchanganuzi. Chuo kinachotoza karo ya shahada hakipaswi kuwaacha wanafunzi wake wafike hapo.

Mafunzo ya afya ya jamii yalifanyika Manyatta, na hapo programu ilisimama imara. Kazi ilikuwa kutathmini hali ya afya ya mtaa: kuandaa dodoso, kupita nyumba kwa nyumba tukiongozwa na wahamasishaji wa afya ya jamii, kuchanganua majibu, kisha kuyarudisha kwa wakazi wenyewe katika baraza. Manyatta ni mtaa ambao visima vifupi na vyoo vya shimo vimebanana katika viwanja vidogo, na kila muuguzi wa eneo la ziwa anajua uhusiano wa hali hiyo na kuhara na kipindupindu. Jambo ambalo hatukulijua ni kwamba wenye visima wanaielewa hatari hiyo vizuri kabisa, na kwamba maji yale huuzwa, hivyo kushauri kisima kifungwe ni kugusa riziki ya mtu. Ripoti yetu ya kwanza, iliyojaa ushauri wa kuchemsha maji, ilirudishwa na msimamizi kwa swali moja tu kuhusu bei ya makaa. Tuliiandika upya tukipendekeza klorini kwenye ndoo na maji ya kisima yatumiwe kwa kufua na kuosha tu, na baraza likatusikiliza.

Mafunzo ya hospitalini ndiyo malalamiko yangu makubwa. Mtu aliyezalisha akina mama kwa miaka anatakiwa kujaza kitabu cha mazoezi kinachodai asainiwe kwamba ameweka mpira wa mkojo na kufunga kidonda, akigombea nafasi na wanafunzi wa stashahada, wa utabibu na wa udaktari waliokizunguka kitanda hicho hicho. Wasimamizi wa chuo walifika kwa kuchelewa, wakatia saini wakiwa wamesimama, wakaondoka. Kama saa hizo zingetumika katika chumba cha wagonjwa mahututi au katika uongozi wa wadi, mambo ambayo hospitali ndogo hazitupi nafasi ya kujifunza, nisingekuwa na neno. Mpango wa huduma ya uuguzi, wenye hatua zake 5 kuanzia kumchunguza mgonjwa hadi kutathmini matokeo, nao ulidaiwa uandikwe kwa kurasa kadhaa kwa kila mgonjwa. Wadini kwetu hakuna anayeweza kuandika hivyo, ingawa nakiri kwamba umenifundisha kukabidhi zamu kwa mpangilio unaoeleweka.

Kuhusu gharama, karo iliyotangazwa ilikuwa sehemu tu ya hesabu. Iliongezewa ada ya mafunzo hospitalini, uchapishaji, sare, ada ya kamati ya maadili ya utafiti, na nauli ya matatu kutoka Mbale, huko Vihiga, kupitia Majengo na Kiboswa kila Jumamosi, mara nyingi nikitoka zamu ya usiku na kulala njiani. Mwenye watoto wadogo na mwajiri asiyebadilisha ratiba afikirie jambo hili kwa makini kabla ya kitu kingine chochote. Kupandishwa daraja nako hakuji pamoja na cheti. Faili hupelekwa kaunti na kusubiri bajeti.

Anayetaka kujiandikisha aulize mambo machache kabla ya kulipa. Je, programu imeidhinishwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, na barua ya idhini inaweza kuonekana? Je, masomo ya stashahada yatahesabiwa, au atarudia anatomia tangu mwanzo? Ni hospitali zipi zilizotia saini makubaliano na chuo, na ni wanafunzi wangapi hupelekwa huko kwa pamoja? Ofisi iliyonisajili ilijibu swali la kwanza kwa haraka na la mwisho kwa tabasamu.

Mada ya utafiti nayo ichaguliwe mapema, kwa sababu kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa inayoidhinisha utafiti, havitoki kwa wiki moja, na kamati hurudisha pendekezo kwa kasoro ndogo. Mimi nilichunguza jinsi wagonjwa wa kliniki yetu wanavyofuata matumizi ya dawa za shinikizo la damu. Fomu ya ridhaa ilirudishwa mara ya kwanza kwa sababu ilikuwa kwa Kiingereza pekee, nami nikaiandaa kwa Kiswahili na Kimaragoli, wagonjwa wawili wazee wakinisahihishia maneno kwenye benchi la kliniki kabla sijaipeleka tena Kisumu.